Mama Fizio, nichuliwe mpaka nilie ndo nipone?

*Shikamoo Mama Fizio. Mi ni fundi cherehani hapa Arusha, nashonea barazani Ngarenaro kutwa nzima, na msimu huu wa sare za shule na nguo za kipaimara ndo siinuki kabisa. Shingo na bega la kulia vinawaka moto, mteja akiniita nageuka mwili mzima. Kuna mama mmoja anasifiwa sana kwa kuchua, nimeenda kwake, ananipandia na kiwiko mpaka machozi yananitoka, napata nafuu siku mbili alafu inarudi vilevile na mgongoni damu imevilia. Sasa mteja wangu mmoja mzungu kaniambia kuna mazoezi yanaitwa Feldenkrais, eti unalala chini unasogeza shingo kidogo tu, hamna nguvu. Nikacheka. Kitu kisichouma kinatibu kweli? (Fundi, Ngarenaro)*

Marahaba mwanangu, na pole. Umecheka bure, na mimi fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, nakuambia huyo mteja wako hakukudanganya.

Tuanze na hicho kiwiko. Msuli ukibonyezwa kwa fujo haulegei, unajihami, yaani ubongo unaona mtu anavamia na unauamuru msuli ukaze zaidi. Ile nafuu ya siku mbili ni ya kweli, sikatai, ngozi ikiguswa na kusuguliwa taarifa za mguso zinafika kwenye uti wa mgongo na kuzibia njia taarifa za maumivu, hiyo ndo hoja waliyoitoa Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965 na ndo sababu ukijigonga kidole unakimbilia kukisugua kabla hata hujafikiri. Lakini kwa hilo huhitaji kiwiko. Na kuna neva kwenye ngozi zinazopenda mguso wa taratibu kabisa, mkono ukipita kama sentimita 3 kwa sekunde ndo zinaitika vizuri, na mguso huo unatuliza. Wamama zetu wanaokanda wazazi kwa maji ya moto wanalijua hilo bila kusoma popote. Kwa hiyo mchuaji usimwache, ila mwambie apunguze, akikataa tafuta mwingine. Damu ikivilia ujue ameshapitiliza, wala sio dalili kwamba dawa imeingia.

Sasa Feldenkrais. Moshe Feldenkrais alizaliwa 1904, alikuwa mhandisi na mwanafizikia aliyesoma Paris, na judo alicheza mpaka mkanda mweusi. Goti lake liliharibika, akaanza kujichunguza mwenyewe anavyotembea, sentimita kwa sentimita, akagundua kwamba mtu anayeumwa anarudia mwendo uleule unaomuumiza bila kujijua. Njia yake ndo hiyo, unafanya mwendo mdogo sana, chini ya uwezo wako, polepole, huku unasikiliza mwili, mpaka ubongo upate namna nyingine ya kufanya jambo lilelile. Kuna masomo ya kundi watu wamelala chini wanaelekezwa kwa maneno, na kuna ya mtu mmoja ambapo mwalimu anakusogeza kwa mikono yake, taratibu, hakukandi. Alifariki 1984 na wanafunzi wake wako nchi nyingi. Huyu Feldenkrais tafiti juu ya njia yake zipo ila nyingi ni ndogo, kwa hiyo sitakuahidi muujiza.

Mwenzake F. Matthias Alexander ndo ana utafiti mzito zaidi. Huyu alikuwa msanii wa Australia anayeghani jukwaani, sauti ikawa inampotea, akajiangalia kwenye vioo akaona kila akitaka kuongea anavuta kichwa nyuma na kukaza shingo. Akajifunza kuacha, kisha akawafundisha wengine. Mwaka 2008 Uingereza walitoa matokeo ya watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, baada ya mwaka mmoja wale walioendelea na huduma ya kawaida waliumwa siku 21 katika wiki nne, waliokandwa siku 14, waliopata masomo 24 ya Alexander siku 3 tu. Siku 3! Na hapo hakuna mtu aliyelizwa. Waliopata masomo 6 peke yake walikuwa siku 11, ambayo pia sio haba kwa mtu mwenye pesa ya mawazo.

Mwalimu wa hayo mambo Arusha sio rahisi kumpata, ila hili unaweza kulifanya leo usiku. Tandika mkeka, lala chali, kunja magoti nyayo ziwe chini, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Viringisha kichwa kulia na kushoto kama mtu anayekataa kitu kwa uvivu, nusu tu ya unapoweza kufika, ukisikia kuvuta umeshaenda mbali. Mara kumi hivi, alafu tulia kabisa. Rudia, safari hii kichwa kikienda kulia macho yaende kushoto, utaona kichwa kinagoma mwanzoni, usikilazimishe, punguza mwendo. Tulia tena, alafu rudi kwenye ule wa kwanza uone shingo inafika wapi. Na angalia pumzi, mafundi wengi wakitunga uzi kwenye sindano wanaibana pumzi na wanaisahau hukohuko.

Kazini kwenyewe, kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi na wewe umekiinamisha kuanzia asubuhi, kwa hiyo nyanyua kiti au weka mto mpaka usilazimike kukunjika kufuata kitambaa, na kila nusu saa simama, zungusha mabega, hata kama ni kwenda kununua maji tu kwa jirani. Ukiona ganzi au mkono unaishiwa nguvu mpaka mkasi unakuponyoka, hapo acha mkeka, nenda hospitali ya Mount Meru wakuone.

*Mambo vipi Mama. Mi dereva wa Hiace Moshi mjini hadi Marangu. Mgongo wa chini umenikamata, nimenunua ule mkanda mpana wa kufunga kiunoni, na ukizidi napita duka la dawa wananichoma diklofenaki ya kutuliza maumivu maisha yanaendelea. Nataka kujua mkanda nivae mpaka lini, na masaji inafaa? (Dereva, Moshi)*

Poa, ila hayo maisha hayaendelei, yanasukumwa.

Mkanda vua. Mwisho wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa mgongo wa muda mrefu, na mikanda ya kiunoni iko upande wa vitu wanavyosema visitumike kama utaratibu, pamoja na kuvutwa mgongo kwa mashine. Walivyovipendekeza ni mazoezi, kumuelimisha mgonjwa auelewe mwili wake, na tiba za mikono ikiwemo masaji, kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, masaji inafaa, ila isiwe peke yake. Hao hao wanahesabu watu milioni 619 duniani walikuwa na tatizo la mgongo wa chini mwaka 2020, kwa hiyo usijione umerogwa.

Hizo sindano nazo, diklofenaki ya mara kwa mara inakula tumbo na inasumbua figo, na dereva anayeogopa kunywa maji ili asisimame njiani kwenda msalani yuko kwenye hatari zaidi. Sisemi usitumie kabisa, ila muone daktari akupangie, usijipangie dirishani.

Dawa yako wewe ni kutembea, na najua utaona nimekupunja. Australia walifuatilia watu 701 waliotoka kuumwa mgongo, matokeo yakatoka 2024, nusu walipangiwa kutembea wakaongezewa kidogo kidogo kuelekea dakika 30 mara tano kwa wiki huku fizio akiwaelekeza, nusu hawakupangiwa chochote. Waliotembea walikaa kama siku 208 kabla mgongo haujarudi, wengine 112. Kutembea na suruali yako hiyohiyo, hulipi mtu. Gari ikiwa kwenye foleni ya abiria stendi usikae kwenye usukani unachati, shuka zunguka, ukifika Marangu Mtoni vilevile. Anza na dakika kumi jioni huko Rau kwenye miti, wiki ijayo ongeza.

Usiku ukilala chali magoti yamekunjwa, bonyeza kiuno chini taratibu kikigusa godoro, achia, kinyanyuke kidogo, achia, uwe mwendo mdogo wa kubembea. Bondia mmoja wa Marekani aliyekuja kuwa daktari, Milton Trager, alijenga tiba nzima juu ya kubembeza viungo hivyo taratibu mpaka mwili usahau kujikaza. Jina ni la kizungu ila mama yeyote anayembembeleza mtoto mgongoni anaelewa kinachoendelea.

Usifanye lolote kati ya haya kama una homa za jioni, unakonda bila sababu, maumivu yanakuamsha usiku, au umeanguka. Kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye uti wa mgongo na huku kwetu kipo, masaji haitakigusa. Na ukiishiwa nguvu miguu, ukapata ganzi sehemu ya kukalia au mkojo ukawa hautoki au unatoka wenyewe, hiyo ni hospitali ya KCMC siku hiyohiyo, abiria washushe.

*Mama Fizio, mi mwalimu wa sekondari. Tukianza kusahihisha mitihani naamka taya zinauma, kichwa kinagonga, silali. Nimeambiwa ni stresi, nikaambiwa "relax". Narelax vipi? (Mwalimu, Njiro)*

Kumwambia mwenye stresi atulie ni kumuongezea kazi nyingine, naelewa hasira yako.

Daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, aliandika mwaka 1929 kwamba mtu hajui amekaza mpaka afundishwe tofauti, na njia yake bado tunaitumia. Kitandani, kunja ngumi ya kulia wastani tu, hesabu mpaka tano, achia ghafla, alafu kaa nusu dakika unasikia mkono unavyokuwa mzito. Nenda kushoto, mabega, uso, tumbo, miguu. Taya usiiume kwa nguvu, wewe hapo umeshafanya ya kutosha, achia tu, ulimi ukae nyuma ya meno ya juu na meno ya juu na ya chini yasigusane. Mchana ukiwa unasahihisha jiulize kila rundo likiisha, meno yamegusana? Kisha vuta pumzi ndani kwa sekunde nne na kuitoa kwa sita, ukifika pumzi sita kwa dakika moyo unaanza kupunguza mbio, dakika tano zinatosha.

Ukiona usingizi hauji wiki kadhaa na huna hamu ya kitu chochote hata chakula, usibaki na mimi, ongea na daktari.

*Kinyozi wangu wa hapa Sakina akimaliza kuninyoa na skrabu anapiga masaji, mwisho anashika kichwa anakigeuza kwaa! Raha balaa. Mke wangu anasema niache, nani sahihi? (Kijana wa Chuga)*

Mke wako. Kwenye shingo kuna mishipa ya damu inayopita ndani ya mifupa kupeleka damu kwenye ubongo, ukigeuzwa ghafla inaweza kuchanika ndani na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Haitokei kila siku ila ukiipata wewe hiyo takwimu haitakusaidia. Ule mlio ni gesi kwenye majimaji ya kiungo, hakuna mfupa uliorudi mahali pake. Mwambie kabla hajaanza, kichwa sawa, mabega sawa, shingo asigeuze. Na kama umewahi kugeuzwa kisha ukapata maumivu makali ya shingo, kizunguzungu, ulimi mzito au uso kwenda upande, unakimbia hospitali muda huohuo.

*Shikamoo. Bibi yetu yuko Kibosho, magoti yamechoka na anaogopa kuanguka mteremkoni. Mjukuu amemuonyesha taichi kwenye simu, bibi anauliza kama ni dini ya Wachina na kama atavunjika. (Familia, Kibosho)*

Marahaba, na bibi mfikishieni shikamoo yangu. Taichi ilianza kama sanaa ya mapigano, yeye atakachofanya ni kuhamisha uzito mguu huu kwenda ule polepole, rozari yake haiguswi. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kiliipendekeza kwa nguvu kabisa kwa magoti yaliyolika, na kwa wazee inapunguza kuanguka. Aanze ndani, sio mteremkoni, ashike ukingo wa meza nzito, magoti akunje kidogo tu, dakika tano asubuhi na tano jioni, mtu awe karibu siku za mwanzo. Goti likivimba na kuwa la moto apumzike mumpeleke aangaliwe. Na kandambili avue.