Bastola ndogo ya kiunoni inakosa shabaha? Usiiuze kwanza, soma hapa

Mkuu mleta mada, swali lako nimelisoma lote. Umesema kibali unacho, umenunua bastola ndogo ya 9mm ya risasi 6, ukilenga mita 7 risasi zinaangukia chini kushoto, nyingine hazigusi hata karatasi, na jamaa yako kakwambia uza hiyo chukua kubwa maana hizi ndogo hazina shabaha. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi nimepita hapohapo ulipo, na nusura niuze yangu kwa hasara.

Mimi niko Masasi, nina duka la pembejeo na uwakala wa pesa. Ile miezi ya salfa ya kupulizia mikorosho na ile ya malipo ya korosho hela inayopita mkononi kwangu ni nyingi kuliko ninavyopenda, na 2019 ndo nikafuata taratibu zote mpaka nikapata kibali. Nikachagua ndogo kwa sababu ya joto letu huku kusini, mtu unashinda na shati jepesi limekugandia mgongoni, ukiweka chuma kikubwa pale kila anayeingia dukani anakiona, na silaha inayoonekana inaita matatizo. Kwahiyo sababu ya kuchukua ndogo ilikuwa sahihi na mpaka leo naitetea.

Siku ya kwanza kupiga nilikuwa na askari mstaafu aliyekuwa anatufundisha. Risasi sita, mita saba, mbili tu kwenye karatasi. Nikamwambia Afande hii bastola nadhani saiti zake, vile vya kulengea pale juu, zimepinda. Hakunijibu, akaichukua, akajaza sita kutoka boksi lilelile, akapiga taratibu, tukaenda kuangalia. Mashimo yake yote sita ungeyafunika na kisosi cha chai. Akanirudishia akasema, "Kijana, chuma hakina shida, tufanyie kazi mkono." Ile siku iliniuma sana lakini ndo iliyonifundisha.

Sasa shida yenyewe iko wapi. Mimi dukani nina mizani, niliiweka ile bastola ikiwa tupu na magazini yake (kile kibeba risasi kinachoingia kwenye mpini) tupu, ikaja karibu nusu kilo. Triga ya bastola za aina hii za kiwandani inataka nguvu kama kilo mbili na nusu hivi ndo iachie. Yaani kidole kimoja kinavuta kwa nguvu mara tano ya uzito wa kitu chenyewe ulichoshika! Bastola kubwa ya chuma ya karibu kilo inajitulizia yenyewe, uzito wake unakusaidia hata ukikosea kidogo, hii ndogo haina cha kukusaidia, kila kosa la kidole inalipeleka moja kwa moja kwenye karatasi. Kwa anayetumia mkono wa kulia hilo kosa karibu siku zote linatoka chini kushoto, kwahiyo ulivyoandika tu chini kushoto nikajua.

Na saiti nazo ziko karibukaribu. Kwenye ndogo kama Glock 43 kutoka saiti ya nyuma mpaka ya mbele ni kama sentimita 13, kwenye kubwa kama Glock 17 ni kama 16 na nusu. Piga hesabu, ukiyumbisha saiti ya mbele milimita moja tu, kwenye mita 10 ile ndogo inakutoa kama sentimita 7 na nusu, kubwa inakutoa kama 6. Tofauti ipo lakini siyo ya kukutoa nje ya karatasi. Kinachokutoa nje ya karatasi ni kuruka kwa mkono kabla risasi haijatoka.

Huniamini? Fanya alichonifanyia Afande. Nunua risasi bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti, mbili tatu za kipimo cha bastola yako, ukiwa rinji (uwanja wa kulengea shabaha) mpe mwenzako akupangie magazini, achanganye za moto na bandia bila wewe kuona. Piga. Ikifika ile bandia hakuna mlio, hakuna teke, na hapo utaona mtutu wako mwenyewe unavyodonoa chini kama kuku anadonoa mtama. Mimi nilivyoona mara ya kwanza nilishtuka, nilikuwa najua natulia kumbe mwili mzima unajikaza kuusubiri mlio, mabega yanapanda, jicho linafumba. Ndo maana nasema pia vaa vya masikioni vizuri, ikiwezekana viziba vya ndani na vile vikubwa vya juu kwa pamoja, mtutu mfupi una kelele kali na moto mwingi mbele, na mwili unaogopa kelele kuliko teke. Nilivyoziba masikio vizuri nusu ya kudonoa iliisha palepale.

Tuje kwenye kushika, hapa nitakaa sana maana ndo kazi ilipo. Mkono wa kulia upande juu kabisa nyuma ya mpini, ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada ijae mpaka chini ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, bila kuacha nafasi, ukishika chini mtutu unaruka zaidi (ila kama yako ni aina ya zamani kama Walther PPK angalia, ukipanda sana slaidi inakukata nyama, nimeona mtu katoka damu). Kidole cha mwisho kwenye ndogo kinabaki kinaning'inia hewani, weka magazini yenye ulimi chini, ule ulimi mdogo unakurudishia kidole kizima cha kushikia. Halafu mkono wa kushoto, huu ndo watu wanausahau, wanauweka tu chini kama sahani ya kikombe. Hapana. Kiganja cha kushoto kijaze ile sehemu ya mpini iliyobaki wazi, vidole vizunguke juu ya vidole vya kulia, kisha huo wa kushoto ndo ukaze kwelikweli kama unakamua nguo nzito, wa kulia ushike kama unavyoshika nyundo, imara lakini bila kutetemeka. Ukikaza wa kulia kupita kiasi kidole cha triga kinakuwa kigumu, na vidole vinne vikijikunja pamoja nacho mtutu unavutwa chini. Jinsi ya kujua, ukipiga risasi moja ukakuta mikono imeachana na inabidi ushike upya, basi wa kushoto ulikuwa haufanyi kazi. Na mtutu ni mfupi sana, hakikisha hakuna kidole wala gumba la kushoto linalofika mbele yake, hii iangalie kila mara unaposhika.

Kuonyesha kwamba kushika ni kitu kikubwa kuliko urefu wa mtutu, angalia Glock 43 ya 2015 na 43X ya 2019. Slaidi moja, mtutu mmoja, saiti umbali uleule, kilichobadilika ni mpini mrefu zaidi unaobeba risasi 10 badala ya 6. Watu wengi wakipiga zote mbili wanapata zaidi na 43X, na hakuna siri yoyote pale, vidole vyote vimepata pa kukaa. Kwahiyo ambaye bado hajanunua ningemwambia chukua yenye mpini unaojaa mkono, mtutu uwe mfupi tu haina shida. Wewe umeshanunua, ulimi wa magazini unakutosha.

Kuna na suala la kujamu, umesema imekujamia mara mbili. Kabla hujalaumu risasi angalia kifundo cha mkono. Slaidi inatakiwa irudi nyuma wakati fremu (mwili wa bastola wenye mpini) imetulia, sasa kama kifundo kimelegea bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, haifiki mwisho wa safari, ganda la risasi iliyopigwa linabanwa pale pale. Kwenye ndogo hii inatokea upesi zaidi maana fremu ni nyepesi. Simama umeegemea mbele kidogo, viwiko visilegee, uone kama itajamu tena. Ikiendelea ndo uipeleke kwa fundi.

Kidole sasa. Mwenye vidole virefu kama mimi kwenye mpini mdogo kidole kinaingia mpaka kwenye pingili, ukivuta kinasukuma bastola pembeni. Rudisha mpaka ile nyama ya mbele ya kidole ndo iguse triga, vuta nyuma moja kwa moja, taratibu, kama unabana dawa ya meno ya mwisho kwenye tyubu. Risasi ikitoka usiachie triga, ishikilie huko nyuma, kisha iachie kidogokidogo mpaka uisikie inabofya, hapo iko tayari tena. Watu wanaachia mpaka kidole kinatoka kabisa halafu wanarudi kwa kuikwapua. Macho yaangalie saiti ya mbele, karatasi ikionekana na ukungu sawa tu, jicho haliwezi kuona vyote vizuri kwa pamoja.

Sasa utauliza mazoezi wapi na risasi ni gharama na rinji hazipo kila mtaa. Kutoka hapa Masasi mpaka Mtwara mjini tu ni kama kilometa 200, sembuse kwenda Dar. Ndugu yangu, mazoezi yangu mengi nimeyafanya chumbani na bastola tupu. Lakini nisikilize vizuri, hapa ndo watu wameua watoto wao. Risasi zote zinatoka chumbani, siyo zinawekwa mezani, zinatoka, mimi naziacha chumba kingine kwenye kasha limefungwa. Natoa magazini, nakoki mara tatu, naangalia chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho, kisha naingiza kidole cha mwisho mle ndani nihakikishe. Naelekea ukuta wa tofali za bloku ambao nyuma yake hakuna mtu, siyo ukuta wa udongo na siyo bati, jirani yuko upande wa pili. Mlango umefungwa, simu nimeizima. Nikimaliza nasema kwa sauti nimemaliza, naifungia, na siirudii tena hiyo siku, kwa sababu ajali nyingi zinatokea pale mtu ameshajaza risasi halafu anasema ngoja nijaribu mara moja ya mwisho.

Zoezi lenyewe ni la sarafu. Chukua sarafu ya shilingi mia, ilaze juu ya slaidi nyuma kidogo ya saiti ya mbele, shika kwa mikono miwili, lenga doa ukutani, vuta triga mpaka ibofye. Sarafu isianguke. Wiki ya kwanza yangu ilianguka kila mara, naisikia tu ikigonga sakafu, tii, mke wangu upande wa pili anauliza unahesabu hela? Wiki ya tatu hivi ikaanza kubaki. Dakika kumi tu kila jioni, ukichoka acha, mkono uliochoka unajifunza makosa. Kama ni bastola ya kizamani tumia risasi bandia kwenye chemba ili pini isigonge hewa.

Ukienda rinji usianzie mita 7. Anza mita 3, karatasi ndogo kama kisosi, zikijaa zote ndani sogea mita 5, kisha 7. Na usipige mia kwa siku, hizi ndogo zinaumiza kiganja, mimi nikifika 40 naanza kudonoa tena kwahiyo naacha. Tano kwa utulivu, pumzika, tano nyingine.

Kubeba nalo nitasema kifupi ila ulishike. Mfukoni bila holsta ngumu inayofunika triga yote usiweke kamwe, na mfuko wa bastola hauwekwi kitu kingine, siyo funguo, siyo kalamu, funguo ikiingia kwenye triga hiyo ni paja lako. Wewe uko Shangani karibu na bahari, jasho pamoja na ule upepo wa chumvi vinakula chuma hata kile kilichopakwa vizuri. Mimi huku bara tu nilikuta alama ya kidole changu imegeuka kutu pembeni ya slaidi baada ya siku nne. Kila jioni pangusa kwa kitambaa kikavu, kila wiki fungua, futa vumbi na nyuzi za nguo, mafuta tone moja moja, yakizidi yanakusanya uchafu.

Na hiyo wanayosema watu wengine kwamba bora uhamie .380 (risasi fupi kuliko 9mm yako) ndiyo ina teke dogo, inategemea. PPK ya .380 mtutu wake umefungwa kwenye fremu na slaidi inazuiwa na springi ngumu na uzito wake tu, inakugonga kiganja kwa ukali kuliko watu wanavyodhani. Glock 42 ni .380 hiyohiyo lakini mtutu na slaidi vinarudi pamoja kwanza ndo vinaachana, ni laini zaidi ingawa nayo ni ndogo. Ukubwa wa risasi peke yake haukwambii kitu, omba kupiga kabla hujatoa hela.

Kwahiyo mkuu usiuze. Tafuta ule ulimi wa magazini na risasi bandia, fanya sarafu wiki tatu, halafu nenda mita 3 na risasi 20 tu. Ukirudi niandikie hapa mashimo yameangukia wapi, ukiwa bado uko chini kushoto tutaangalia kidole, ukiwa umehamia juu tutaangalia unavyoshika.