Sanduku la Muziki: Kundi Lililokosa Rafu

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukizungumzia nyimbo za kantri zinazopigwa katika redio zetu Jumapili asubuhi, tulilitaja kwa mstari mmoja tu kundi la Kimarekani liitwalo New Grass Revival. Mstari huo umetuletea barua ambazo hatukuzitarajia. Tatu kati yake zinajibiwa hapa.

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yangu amesikiliza Jim Reeves na Don Williams tangu ujana wake. Nilipomwekea nyimbo chache za kundi mlilolitaja, alitikisa kichwa akasema hiyo si kantri. Rafiki yangu anayepiga gitaa kanisani naye akasema hata blugrasi si yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna gitaa la besi la umeme na wimbo wa Bob Marley. Naomba mtueleze watu hawa walikuwa wakipiga muziki gani hasa, na ilikuwaje kundi lenye mafundi wa namna ile likavunjika bila kuvuma. (Msomaji, Mbale)

JIBU: Mzee wako ana haki, rafiki yako ana haki, na taabu yote iliyolipata kundi hilo imo katika majibu yao mawili. Kila aliyelisikia alijua upesi lisichokuwa, lakini wachache waliweza kusema lilikuwa nini.

Tuanze na blugrasi yenyewe, maana huku kwetu mara nyingi inachanganywa na kantri. Ni muziki wa ala za nyuzi zisizo za umeme: fidla, mandolini, banjo, gitaa na besi kubwa ya kusimama. Kwa kawaida hauna ngoma, hivyo mpiga mandolini huzikata nyuzi zake kwa nguvu katikati ya mapigo ya besi na kufanya kazi ambayo ngoma ingeifanya. Waimbaji huimba kwa sauti za juu zilizobanana, na kila mpigaji hupewa zamu yake ya kuonyesha ufundi. Jina lenyewe lilitokana na kundi la Bill Monroe, mzaliwa wa Kentucky, aliyewaita wenzake Blue Grass Boys kwa heshima ya jimbo lake linalosifika kwa nyasi za aina hiyo, na ambaye mwaka 1939 alikaribishwa katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry huko Nashville.

New Grass Revival lilizaliwa katika jimbo hilohilo, mjini Louisville, mwaka 1971. Vijana wanne walikuwa wakipiga katika kundi jingine lililoitwa Bluegrass Alliance. Walipokosana na mpiga fidla wao waligundua kwamba jina la kundi ni mali yake, kwa hiyo badala ya kumfukuza waliondoka wao. Hao walikuwa Sam Bush wa mandolini na fidla, Courtney Johnson wa banjo, Curtis Burch wa gitaa na dobro, ile ala ya jamii ya gitaa inayolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, pamoja na mpiga besi aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Ebo Walker. Ebo hakukaa sana, na baada ya muda nafasi ya besi ilikuja kushikwa na John Cowan. Huyu alileta vitu viwili ambavyo wapenzi wa blugrasi hawakuvizoea: gitaa la besi la umeme, na sauti nyembamba yenye nguvu iliyolelewa katika roki na soul badala ya nyimbo za milimani.

Nywele zao zilikuwa ndefu, na hilo si jambo dogo ukikumbuka kwamba katika matamasha ya blugrasi ya wakati ule wanamuziki wa kizazi cha Monroe walipanda jukwaani wamevaa suti na kofia. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1972, ilikuwa na wimbo wa roki wa Jerry Lee Lewis uliopigwa kwa banjo na fidla. Jukwaani waliweza kuunyoosha wimbo mmoja kwa dakika nyingi, kila mmoja akibuni papo hapo kama wafanyavyo wapiga jazi. Wako waandaaji wa matamasha ambao hawakutaka kuwaona tena. Upande wa magharibi mambo yalikuwa tofauti: mwaka 1975 walifika Telluride, mji mdogo katika milima ya Colorado, ambako tamasha lilikuwa limeanza mwaka mmoja tu kabla, wakapokewa kwa shangwe. Sam Bush amerudi huko mwaka baada ya mwaka, hata watu wakampa cheo cha mfalme wa tamasha hilo.

Kuhusu wimbo wa Bob Marley, rafiki yako amesikia sawasawa. Ni One Love, nao umo katika albamu yao ya mwaka 1984. Namwomba ausikilize tena kwa makini, asikilize mandolini peke yake. Katika rege, gitaa hulia pale ambapo besi imenyamaza, na mandolini ya blugrasi imekuwa ikifanya vivyo hivyo tangu enzi za Monroe. Bush hakulazimika kuugeuza mkono wake ili apige rege. Alipunguza mwendo tu, na mlango ukawa wazi. Ndiyo maana mchanganyiko wao hausikiki kama viraka vilivyoshonwa juu ya nguo ya mtu mwingine.

Mwishoni mwa miaka ya sabini waliungana na Leon Russell, mpiga piano na mwimbaji wa roki, wakazunguka naye kwa takriban miaka miwili wakiwa kundi lake la jukwaani. Safari hizo ziliwapeleka mbele ya umati mkubwa, lakini pia ziliwachosha. Mwaka 1981 Johnson na Burch walijiondoa. Kwa kundi lingine huo ungekuwa mwisho. Bush na Cowan walimchukua Pat Flynn, mpiga gitaa na mtunzi kutoka California, na kijana mmoja wa New York aliyeitwa Béla Fleck, ambaye wazazi wake walimpa majina matatu ya watunzi wa muziki wa kitaalamu wa Ulaya, Bartók, Webern na Janáček. Mtoto mwenye mzigo wa majina kama huo ungemtarajia ashike fidla ya okestra. Yeye alishika banjo.

Watu wengi huona kwamba kikosi hiki cha pili ndicho kilichokuwa bora, nami nakubaliana nao kwa ufundi, ingawa kwa ujasiri nakipa nafasi ya kwanza kikosi cha zamani. Fleck alikuwa amezichimba kamba za banjo mpaka akazipata sauti za jazi ambazo wengi hawakudhani zimo. Sauti ya Cowan ilikuwa imekomaa. Kampuni kubwa ya EMI ikawachukua, kisha Capitol, wakatoa albamu tatu kati ya 1986 na 1989.

Hapo sasa ndipo penye jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Kampuni kubwa huuza muziki kupitia redio, na redio za Marekani zimegawanywa kwa aina ya muziki kama duka lililogawanywa kwa rafu. Idara ya kantri ndiyo iliyopewa kazi ya kuwauza, kwa kuwa walikuwa na banjo na walitoka Kentucky. Watangazaji wa kantri wakawaona ni wa ajabu mno. Stesheni za roki hazikuwa na haja na banjo, na wahifadhi wa blugrasi walikuwa wamekwisha kuwatoa katika ukoo. Wimbo wao mmoja tu, uitwao Callin' Baton Rouge, ndio ulioingia katika nyimbo 40 bora za kantri, mwaka 1989, na hata huo uliishia karibu na mkia wa orodha.

Mwaka huohuo walikubaliana kuachana. Hawakugombana hadharani, na hakuna kesi iliyofunguliwa. Fleck alikuwa ameshaunda kundi lake, Flecktones, na Bush alikuwa amechoka kubeba uongozi kwa miaka 18. Onyesho lao la mwisho lilikuwa usiku wa tarehe 31 Desemba 1989, mjini Oakland, California, wakilitangulia kundi la roki la Grateful Dead mbele ya maelfu ya watu ambao wengi wao walikuja kwa ajili ya wenyeji hao.

Sehemu inayoniuma ni ile iliyofuata. Miaka michache baadaye Garth Brooks, nyota mkubwa kuliko wote wa kantri wakati huo, aliurekodi upya Callin' Baton Rouge, akawaita New Grass Revival wenyewe waje studioni wampigie. Safari hii wimbo ulipanda hadi karibu na kilele cha orodha. Banjo ni ileile, mandolini ni ileile, kasi ni ileile. Jina lililo juu ya jalada ndilo lililobadilika. Mwambie mzee wako kwamba huenda ameshawasikia katika redio ya kantri bila kujua ni wao.

SWALI: Huku Masaka wazee wetu wanalalamika kwamba vijana wameiharibu kadongo kamu, muziki wetu wa visa vinavyosimuliwa kwa gitaa moja, kwa kuitia mashine. Nikisoma habari za kundi hili naona nao walifanya vivyo hivyo kwa muziki wa wazee wao. Je, mnawasifu kwa lipi? (Mwalimu mstaafu, Masaka)

JIBU: Mwalimu, heshima zako. Nina majibu mawili, na la pili huenda lisikupendeze.

La kwanza ni kwamba vijana wale walikuwa wameupitia muziki wa wazee kabla ya kuugeuza. Sam Bush alikulia Bowling Green, Kentucky, katika nyumba yenye fidla, na akiwa bado kijana mdogo alishinda mara tatu mfululizo shindano la vijana katika mashindano ya kitaifa ya fidla ya kale huko Weiser, Idaho. Hata jina la kundi lilikuwa na adabu ndani yake. Neno la mwisho, lenye maana ya ufufuo, walilichagua kwa kuwa walijua hawakuwa wa kwanza kufanya mageuzi: makundi ya blugrasi ya Osborne Brothers na The Dillards yalikuwa yamejaribu ala za umeme na nyimbo za nje kabla yao. Kijana anayeiwekea kadongo kamu mashine bila kuweza kusimulia kisa kirefu kwa gitaa moja yuko mahali pengine kabisa, na hapo nakuunga mkono.

La pili ni kwamba hao wazee wa blugrasi nao walichanganya. Monroe alijifunza nyimbo za fidla kwa mjomba wake, lakini mdundo wa bluzi aliupata kwa Arnold Shultz, mpiga gitaa mweusi wa Kentucky. Mtindo wa banjo wa vidole vitatu uliletwa katika kundi lake na Earl Scruggs mwishoni mwa 1945, na kabla ya hapo kundi lilisikika tofauti sana. Banjo yenyewe ni mtoto wa ala za Afrika Magharibi zilizovuka bahari pamoja na watumwa. Na jina la kadongo kamu, kama ujuavyo kuliko mimi, linasifu gitaa moja, chombo ambacho babu zetu wa Buganda hawakukikuta nyumbani.

Walinzi wa blugrasi walichukua muda mrefu kukubali. Mwaka 2020 New Grass Revival liliingizwa katika jumba la heshima la muziki huo lililopo Owensboro, Kentucky, miaka 31 baada ya kuvunjika. Courtney Johnson hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1996.

SWALI: Nimeambiwa kwamba mpiga banjo wa kundi hilo aliwahi kufika kwetu Busoga. Ni kweli au ni maneno ya barazani? (Mpiga embaire, Iganga)

JIBU: Ni kweli kabisa. Mwaka 2005 Béla Fleck alibeba banjo yake akazunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akiwa na ndugu yake Sascha Paladino aliyeongoza utengenezaji wa filamu ya safari hiyo. Nia yake ilikuwa kuirudisha banjo barani ilikotoka, ingawa jamaa wa karibu wa banjo, akonting ya Wajola, aliikuta Gambia na si kwetu. Filamu ilitoka mwaka 2008 na albamu ikafuata 2009. Albamu ilipata tuzo mbili za Grammy. Jina lake, Throw Down Your Heart, msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: ni Bagamoyo, bwaga moyo.

Hapa Uganda alirekodi na Ateso Jazz Band, kundi la wanawake wa Nakisenyi, pamoja na wapigaji wa embaire. Wewe unaijua embaire kwa mikono yako, lakini kwa ajili ya wasomaji wa mbali niseme kwamba ni marimba makubwa ya mbao yanayolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, watu wakiyapiga wakiwa wameketi pande zote mbili. Hakuna mmoja anayepiga wimbo mzima. Kila mtu hutia sauti zake katika mianya aliyoachiwa na wenzake, na wimbo anaousikia aliyesimama kando ni ule unaotokea pale mikono yote inaposhikana.

Mpiga banjo wa mtindo wa Scruggs hufanya kazi ya jamaa hiyohiyo kwa vidole vitatu: gumba, shahada na cha kati hupokezana kamba moja baada ya nyingine, wimbo ukijitokeza ndani ya mvua ya sauti. Ukiisikiliza rekodi ile ya embaire, utamsikia Fleck mwanzoni akipiga kwa tahadhari, akitafuta mwanya wa kuingilia. Akiupata, itakubidi uinamishe sikio ili uitenge banjo na mbao.