Ile michirizi myeusi kwa galaksi ni nini?

SWALI: Kaka, nimeona kwa simu picha ya galaksi M51, yaani lile kundi kubwa mno la nyota, iliyopigwa na darubini ya Hubble, mikono imejipinda vizuri lakini ina michirizi myeusi, hapo hakuna nyota ama? – Dada wa Likoni

JIBU: Zipo dadangu, tena tele! Hilo ni vumbi, chembe ndogo kama za moshi, laziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake, yaani kama moshi wa mishikaki pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, unavyoficha taa. Sasa tafuta picha ya James Webb, darubini iliyorushwa Desemba 2021, yenyewe yaona infraredi, mwanga usioonekana kwa macho yetu, na huko vumbi lililopashwa joto na nyota ndilo linalong'aa, utaona nyuzinyuzi na mapovu yaliyo matupu ndani, yaliyopulizwa na nyota kubwa, wallahi mimi naweza kuyatazama usiku kucha.