Mwanga unatoka kwenye karatasi: namna ninavyochora rangi za maji kwa kompyuta

Picha za kitabu changu cha kwanza cha watoto zilirudishwa. Mhariri, mama mtu mzima mwenye jicho kali na sauti ya upole, alizitandaza kurasa zote 24 mezani, akazipitia moja moja, kisha akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema utanichorea kwa rangi za maji?" Nikaitikia. Akaweka kidole juu ya tanga la ngalawa niliyoihangaikia siku tatu. "Hii ni rangi ya geti."

Wakati ule nilikuwa nimepakua brashi za kompyuta zaidi ya 200, zote zikiitwa za rangi za maji. Nyingine zilitoa madoa mazuri kweli, nyingine michirizi ya kupendeza. Lakini mama yule alikuwa ameona jambo ambalo brashi peke yake hailitengenezi. Rangi ya geti inafunika. Ukipaka njano juu ya nyeusi, utaona njano. Tanga langu lilikuwa jeupe kwa sababu nililipaka nyeupe juu ya bahari, na hata mtoto ambaye hajawahi kushika brashi anahisi kwamba pale rangi imelala juu ya rangi.

Jicho langu lililelewa hivyo. Nimekulia Dar es Salaam nikitazama picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba za hadibodi. Uzuri wa picha zile uko hapohapo kwenye kufunika: usuli unapakwa kwanza, ndege anakuja juu yake, na vidoa vyeupe vya mabawa vinamalizia juu ya yote. Programu ya kuchorea, ukiiacha ilivyo, inafanya kazi kama mkebe ule wa rangi ya baiskeli. Rangi ya maji inakwenda kinyume. Ni utando mwembamba. Mwanga unaupenya, unagonga karatasi nyeupe iliyo chini, unarudi machoni ukiwa umebeba rangi. Mahali peupe ni mahali ambapo hukupaka kitu. Nilipolielewa hilo nilifuta brashi karibu zote, nikabakiwa na nne.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu kompyuta. Nunua kiboksi cha rangi za maji cha wanafunzi, brashi moja nene na karatasi nzito. Ukipata ya gramu 300 kwa mita ya mraba ni bora, maana nyepesi hujikunja ikilowa. Kisha tengeneza madoa matatu. La kwanza, rangi iliyolowa juu ya karatasi kavu. La pili, lowesha karatasi kwanza ndipo uiguse kwa brashi yenye rangi. La tatu, subiri doa likauke nusu, udondoshe tone la maji safi katikati: maji yatasukuma rangi pembeni na kuacha umbo lenye kingo zilizochanika kama koliflawa. Kaa uyatazame yanavyokauka. Pwani, msimu wa masika, hewa imeshiba unyevu na doa huchelewa sana kukauka. Kwa anayejifunza hiyo ni bahati, kwa sababu unaona kila hatua. Rudia kwa wiki mbili. (Rangi hizi tuna undugu nazo kuliko tunavyodhani: kinachoshikanisha chembe za rangi ni utomvu wa aina ya mgunga, na Sudan ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuvuna.)

Katika madoa hayo, kitazame zaidi kitu kimoja: pindo. Doa la kwanza likikauka, ukingo wake unakuwa umekoza kuliko katikati. Umeshaliona jambo hili mara nyingi barazani, tone la kahawa linapokauka juu ya sinia na kuacha duara. Mwaka 1997 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu yake. Ukingo wa tone umenasa mahali pamoja, na maji ya hapo ukingoni yanakauka haraka zaidi. Maji ya katikati yanakimbilia pembeni kuziba pengo, na yanabeba chembe pamoja nayo. Maji yanaondoka, chembe zinabaki zimerundikana, kama mwani unavyobaki kwenye mstari wa maji kujaa. Mwaka huohuo, watafiti nchini Marekani walichapisha namna ya kuifanya kompyuta iige tabia hizi, pindo likiwemo. Ukilijua pindo linatoka wapi, utajua pia mahali lisipotakiwa kuwapo: palipolowa kabla ya rangi kufika hapana pindo, rangi inayeyuka polepole hadi kupotea.

Sasa tuje kwenye programu. Natumia Krita. Ni ya bure, inakubali Windows, Linux na Mac, na lipo toleo la tableti za Android. Ina brashi za rangi za maji tangu unapoiweka, ingawa haiigi mwendo wa maji yenyewe. Inakupa umbo la doa, na kazi ya maji unaifanya kwa akili yako. Rebelle, ya kampuni ya Escape Motions ya Slovakia, inaiga maji hasa: unainamisha karatasi na rangi inachuruzika. Hiyo ni ya kulipia. Adobe Fresco nayo ina brashi zinazosambaa kama maji, na tangu 2024 haina malipo. Mwenye iPad huenda tayari ana Procreate. Ninamshauri anayeanza aanze na programu isiyoiga maji. Ukianza na ile inayofanya kila kitu yenyewe, utafurahia madoa mwezi mzima bila kujifunza kuyaamuru.

Chochote utakachotumia, anza na karatasi. Chukua ile karatasi nzito uliyonunua, iskani ikiwa tupu, iweke kwenye tabaka la juu kabisa la picha yako (matabaka ni kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine), kisha badilisha hali ya tabaka hilo iwe ya kuzidisha, inayoandikwa Multiply kwenye menyu. Punguza ukolevu wake hadi mkwaruzo uonekane kwa shida. Usuli nao usiwe mweupe wa kuumiza macho. Wangu una thamani 250, 247 na 240 za nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiishia 255: weupe wa chokaa iliyokaa mwaka mmoja ukutani. Ila karatasi ya juu haitoshi. Ukiishia hapo, picha itaonekana imefunikwa kwa nailoni yenye mikwaruzo. Mkwaruzo lazima uwe pia ndani ya brashi yenyewe, kwenye mipangilio yake ya umbile, ili rangi ikusanyike kwenye vibonde na kuviruka vilima. Rangi halisi hutofautiana katika hili: bluu ya ultramarini hutuama vibondeni na kuacha chengachenga, ilhali bluu ya thalo hulala laini na kuingia kwenye karatasi kama wino. Mimi nina brashi moja yenye chenga kwa anga na kuta, nyingine laini kwa nguo na ngozi.

Hali hiyo ya kuzidisha ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo iliyonichanganya kuliko kitu kingine. Kila tabaka la rangi ninalipatia hali hiyo, ili la chini lionekane kupitia la juu. Programu inazidisha mwanga wa tabaka moja kwa mwingine, kwa hiyo picha inaweza kukolea tu, haiwezi kurudi kuwa nyeupe, kama ilivyo kwenye karatasi. Lakini kuna mtego. Chukua njano kamili, 255, 255, 0, uiweke juu ya bluu kamili, 0, 0, 255. Ulitarajia kijani, unapata nyeusi tii. Njano ya kioo haina bluu ndani yake hata chembe, na bluu ile haina kingine chochote, basi kila kinachozidishwa kinaishia sifuri. Tope lililokuwa linaharibu majani yangu yote lilitoka hapo. Dawa ni kutumia rangi zisizo kamili: bluu yenye kijani ndani yake, njano iliyopauka kidogo, nyekundu yenye uchungwa. Kitabu kizima nakichora kwa rangi sita za namna hii, nazo nimezijaribu mbili mbili kwenye ukurasa wa pembeni kabla sijaanza.

Acha nikupitishe kwenye ile ngalawa, kwa sababu niliichora upya. Ni jioni, maji yamekupwa, ngalawa imetua mchangani na tanga halijakunjwa. Mchoro wa penseli niliufanya kwenye karatasi halisi, nikauskani. Jambo la kwanza nililofanya kwenye kompyuta ni kuamua patakapobaki peupe: tanga lote, ukingo wa juu wa ubavu wa chombo, na mstari mwembamba wa maji mbali kule mwambani. Nikapachagua pale, nikageuza uteuzi ili brashi isiweze kupagusa. Kisha nikapaka anga na mchanga kwa pamoja, tabaka moja, njano iliyopauka ikielekea waridi, bila kujali ngalawa iko wapi. Rangi ya jioni ikapita ndani ya mbao za chombo kabla mbao hazijapakwa, na ndiyo maana chombo na mchanga vinaonekana viko chini ya jua moja. Tabaka la pili lilikuwa la vivuli tu, bluu ya kijivu: chini ya ngalawa, mikunjo ya tanga, nyayo za watu. La tatu likawa la hudhurungi ya mbao. La nne la vitu vidogo vilivyokoza, kamba na fundo zake, na hapo nikasimama. Matabaka manne. Picha iliyorudishwa ilikuwa na 31.

Pindo nililitengeneza kwa mkono. Baadhi ya programu zinalo kwenye brashi, Photoshop na Clip Studio Paint zikiwemo, lakini brashi inaweka pindo kila mahali na matokeo yake yanachosha macho. Mimi nalichagua umbo lililokwisha kupakwa, naupunguza uteuzi kwa pikseli 6 hadi 10, naulainisha ukingo wake, kisha napitisha ufutio mwepesi sana ndani. Katikati panapauka, pembeni panabaki pamekoza. Halafu natafuta sehemu moja au mbili za umbo lilelile na kulifuta pindo kabisa, kana kwamba pale karatasi ilikuwa imelowa. Kwenye kivuli cha ngalawa pindo liko upande wa jua. Upande wa bahari kivuli kinayeyukia mchangani.

Madoa ya ajabu, yale ya bahati, usiyachore. Yatengeneze mezani. Nyunyiza chumvi ya jikoni juu ya rangi iliyolowa, iache ikauke, ipukute: utapata nyota ndogondogo. Sugua mshumaa kwenye karatasi kisha pitisha rangi juu yake: nta itaikataa. Skani hayo yote, yahifadhi, uyatumie kama tabaka juu ya ukuta wa zamani au povu la mawimbi. Kuta za Mji Mkongwe, na ile michirizi myeusi ya mvua juu ya chokaa, nimezichora karibu zote kwa madoa matano niliyotengeneza Jumapili moja.

Kitufe cha kutendua (Undo), kinachofuta ulichofanya mwisho, nimejiwekea sharti: sikigusi mpaka nimemaliza tabaka lote. Doa likienda vibaya, naliachia mpaka mwisho nilione likiwa na wenzake. Mara nyingi sana linabaki.

Kuhusu ukubwa wa faili, A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, na kila tabaka lililojaa hula takribani megabaiti 35 za kumbukumbu ya kompyuta. Matabaka manne hata kompyuta ya RAM ya gigabaiti 4 inayabeba. Washa pia uhifadhi wa otomatiki wa dakika chache, umeme unapokatika utanishukuru.

Kazi bado inabaki kwenye uchapaji. Feruzi ya bahari inayowaka kwenye kioo haimo katika wino nne za mchapaji. Kitabu changu kimoja kilitoka na bahari ya rangi ya jivu kwa sababu sikuliangalia hili mapema. Krita inaweza kukuonyesha picha kama itakavyochapwa ungali unachora. Iwashe tangu tabaka la kwanza, si siku ya kupeleka faili. Omba pia ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi isiyong'aa, kwa kuwa inayong'aa inaua mkwaruzo wote uliouhangaikia. Mimi wa kwangu nautoa nje, nausimamisha mlangoni asubuhi karibu na doa halisi la kiboksi cha wanafunzi, na kama tanga bado ndilo jeupe kuliko vyote, naipigia simu mashine iendelee.