Oveni Inaandika F3: Je, Ni Lazima Ninunue Bodi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwokaji wa keki za sherehe hapa Nyakato, Mwanza, na ninatumia jiko kubwa lenye mafiga ya gesi juu na oveni ya umeme chini. Tangu mwezi uliopita oveni hupata moto vizuri kwa dakika kumi na tano hivi, kisha hulia, huandika F3 kwenye kioo na kukata moto, wakati keki ingali uji katikati. Nikiiacha ikapoa, huwaka tena kama kawaida. Fundi aliitazama kidogo tu akasema bodi, yaani saketi ya kielektroniki inayoiongoza oveni, imekufa. Je, nimsikilize?

JIBU: Usinunue bodi kwa sasa, Dada, kwa sababu dalili unazozieleza zinaelekeza kwanza kwenye kihisi joto, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, au kwenye waya wake. Maana ya herufi hizo hutofautiana kwa kila chapa, hivyo ihakikishe katika kitabu cha jiko lako. Lakini katika baadhi ya majiko F3 humaanisha kwamba bodi haipati tena taarifa ya joto kutoka ndani ya oveni, na bodi inayotoa malalamiko hayo mara nyingi ni nzima.

Kihisi ni kile kijiti chembamba cha chuma kilichochomoza kwenye ukuta wa nyuma wa oveni, upande wa juu, kikishikwa na skrubu mbili. Ndani yake mna uzi mwembamba wa platinamu ambao ukinzani wake wa umeme huongezeka kadiri joto linavyopanda, na bodi husoma ukinzani huo na kuutafsiri kuwa nyuzi joto. Kwa aina iitwayo PT1000, ambayo hutumika sana, ukinzani ni omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi na karibu omu 1,685 kwenye nyuzi 180. Kama chako ni PT500, gawanya hesabu zote kwa mbili.

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi kuu, funga gesi, kisha livute jiko taratibu ili mpira wa gesi usikazwe. Fungua bati la nyuma na uitafute plagi ndogo yenye waya mbili inayounganisha kihisi. Itazame vizuri hapo, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa wote huwa ndani yake: plastiki iliyogeuka kahawia kwa joto, pini iliyoota kutu ya kijani, au waya ulioguguniwa na panya. Kiungo cha namna hiyo hushikana kikiwa baridi na kuachana chuma kinapotanuka kwa moto, na ndiyo maana oveni yako hufanya kazi kwa robo saa, ikazima, kisha ikapona yenyewe.

Ikiwa plagi ni safi, ichomoe na mpime kihisi kwa mita ya fundi ya kupimia ukinzani. Kwa hali ya hewa ya Mwanza mtasoma kati ya omu 1,090 na 1,115 hivi, lakini msitosheke na namba hiyo, maana kihisi chako kinaharibika kikiwa cha moto. Kitoeni, mtumbukize ncha yake tu, bila kulowesha waya, kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa yenye maji kidogo. Barafu ile ile wanayofungia samaki mwaloni Kirumba inatosha kabisa, ila kikombe hicho kisirudi mezani. Mita ikaribie 1,000. Kisha kihamishieni kwenye maji yanayochemka, na hapa fundi asiyekuwa makini anaweza kuhukumu kihisi kizima: Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100, na namba sahihi ni karibu 1,370 badala ya 1,385. Mchezesheni waya wakati wa kupima. Namba ikirukaruka au mita ikionyesha njia imekatika, kihisi kimekwisha na kibadilishwe.

Kihisi kikiwa kizima, kirudisheni na mpime tena kutokea upande wa bodi. Tofauti yoyote ya maana hapo ni kosa la waya wa katikati. Ungeni kwa viungio vya kauri vinavyostahimili moto, kwani utepe wa kawaida wa umeme utayeyuka siku hiyo hiyo. Bodi ishukiwe baada ya hayo yote, na fundi anayetaka kuunganisha waya hizo mbili pamoja ili “kuidanganya” oveni aondoke na mita yake.

SWALI: Oveni yangu haionyeshi kosa lolote lakini mikate inaungua kila siku. Je, nami nibadilishe kihisi? — Msomaji, Musoma.

JIBU: Kwanza hakikisha trei haigusi kijiti cha kihisi. Kisha weka kipimajoto cha oveni katikati, chagua nyuzi 180, subiri nusu saa na usome mara kadhaa, kwa sababu moto hupanda na kushuka. Tofauti ikiwa ile ile kila siku, majiko mengi ya kielektroniki huruhusu kuirekebisha kwenye mipangilio. Ikibadilika leo hivi na kesho vile, kipime kihisi kama tulivyomweleza mwenzako wa Nyakato.