Jibu: Visiwa bandia vya kifahari vinalipa kweli?

Mkuu, umeuliza kama visiwa hivi vya kujengwa baharini vina faida kwa utalii au ni mbwembwe tu za matajiri. Kwangu mimi inategemea kisiwa kimeunganishwa vipi na nchi kavu.

Itazame Dubai, maana mfano wa kisiwa kilichofanikiwa na wa vilivyokwama yote iko pale pale. Palm Jumeirah, kisiwa bandia chenye umbo la mtende, ilianza kujengwa 2001. Mchanga wa jangwani haukufaa, chembe zake ni laini mno, hazishikani. Ikabidi wanyonye mchanga wa chini ya bahari, mita za ujazo zipatazo milioni 94, meli zikiurusha hewani kama bomba la zimamoto. Ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi, kilomita 11, ulibuniwa bila pengo. Ikaonekana maji ya ndani yatatuama, wakaufungua sehemu mbili. Leo kuna barabara na treni za kuiunganisha na nchi kavu, kuna hoteli na watu wanaishi humo.

Sasa njoo The World, iliyoanza 2003: visiwa karibu 300 kwa umbo la ramani ya dunia, na hufiki bila boti au helikopta. Msukosuko wa fedha wa 2008 ukaikuta njiani. Vingi vimebaki vilima vya mchanga. Umeme, maji safi, majitaka, vyote hivyo uvipeleke kisiwa kimoja kimoja (hata kopo la rangi linapanda boti!), na hapo ndipo hesabu inapowashinda wengi.

Ukioneshwa picha tamu za mradi mpya, uliza kwanza daraja liko wapi.