Medali ya uhuru imeingia weusi, niipeleke ikasuguliwe?

SWALI: Marehemu baba aliniachia medali ya ukumbusho wa miaka kumi ya uhuru. Nyuma bado ina rangi ya dhahabu, lakini usoni imeingia weusi. Sonara anasema ni dhahabu tupu, isuguliwe kwa ndimu na majivu ing'ae kabla sijaiuza. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana. Na kama umeshamwachia, kaichukue leo.

Dhahabu tupu haiingii weusi kwa kukaa kabatini. Medali za sherehe za kitaifa aghalabu ni shaba iliyochovywa dhahabu, na weusi huo ni shaba inayojitokeza pale dhahabu ilipolika. Ukitaka uhakika, vua utepe, ipime uzito, kisha izamishe kwenye maji uone yanapanda kiasi gani. Gramu 40 za dhahabu safi hupandisha maji mililita 2 hivi. Gramu 40 za shaba hupandisha karibu 4.5. Ikaushe mara moja.

Kinachoniumiza ni hilo la kusugua. Kila wiki naletewa medali iliyokwishaharibiwa namna hiyo. Dhahabu ya kuchovya ni nyembamba kuliko unywele. Majivu yanakwaruza, ndimu ni asidi, na kwa dakika chache vyote viwili vinaimaliza. Hata medali za shaba zisizochovywa, ile rangi ya kahawia mara nyingi ilitiwa kiwandani kwa dawa, makusudi, ili sura na maandishi yasomeke vizuri. Fundi anaiita uchafu, anaing'oa, halafu anakudai malipo! Mnunuzi anayezijua medali huigeuza kwenye mwanga mara moja tu, akaona mikwaruzo, akashusha bei. Kuichovya upya hakumdanganyi, maana kingo za herufi zimeshalainika.

Dawa za chupa za kung'arisha fedha nazo ni hivyo hivyo: kila ukichovya, tabaka la fedha linaondoka na weusi wake. Dawa ya meno ina chembe za kukwaruza. Anayekuambia kitu cha kale lazima king'ae ndipo kiuzike hajawahi kumuuzia mkusanyaji.

Yako ifute vumbi kwa brashi laini, uishike kwa kingo, uifunge kwa karatasi isiyo na asidi. Usiitie kwenye mfuko laini wa PVC, kwa sababu plastiki hiyo ikichakaa hutoa asidi inayoiachia shaba utando wa kijani unaonata. Wala usiifunge kwa mpira: una salfa, na salfa ndiyo inayotia weusi.